Msitu wa Arabuko-Sokoke Humfunulia Mwenda Pole

Abiria wengi wasafirio kwa barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, wakiisha kuvuka Kilifi na kukaribia Gede, huona upande wa kushoto ukuta mrefu wa miti. Gari huenda mbio, nao hutazama mara moja tu, kisha hugeuza nyuso zao. Wengine hudhani kwamba humo hamna kitu ila kuni, nyoka, na nyani waibao mahindi ya watu. Lakini mtu ashukaye garini akaingia humo kwa miguu, pole pole na bila kelele, atakuta viumbe ambao baadhi yao hawapatikani po pote pengine duniani ila katika sehemu hii ndogo ya pwani ya Kenya.

Msitu huo ndio Arabuko-Sokoke. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 420 hivi. Zamani misitu ya namna hii ilifuatana kandokando ya pwani toka Somalia mpaka Msumbiji, lakini sehemu kubwa ilikatwa kwa ajili ya mashamba, miji na mbao, na leo vimebaki vipande vipande tu. Katika Afrika ya Mashariki hakuna kipande kimoja cha msitu wa pwani kilichosalia kilicho kikubwa kuliko hiki. Uliandikwa katika Gazeti la Serikali mwaka 1943 kuwa hifadhi ya msitu, na hata leo unalindwa kwa sheria. Hata hivyo sheria peke yake haikutosha kuuokoa, kama msomaji atakavyoona hapa chini.

Kujitayarisha kwa Safari

Mtu atakaye kuutembelea msitu huu hana haja ya vitu vingi. Kwanza, aamke mapema. Jua likichomoza yafaa awe amekwisha kufika kwenye kituo cha msitu hapo Gede, kwa maana saa za kwanza za asubuhi ndizo wanyama na ndege wanazotumia kutafuta riziki. Ikipata saa nne, joto huzidi na wengi hujificha. Pili, avae nguo zisizong'aa, rangi ya majani au ya udongo, na viatu imara. Tatu, achukue maji ya kunywa. Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, afuatane na mwongozi. Wako vijana wenyeji wa vijiji vilivyo jirani ambao wamejifunza kazi hiyo, nao huzijua njia, sauti na nyayo kama mkulima azijuavyo mbegu zake. Isitoshe, humo mna ndovu, na si jambo la busara mgeni kukutana nao bila mtu ajuaye la kufanya.

Wakiisha kuingia, mwongozi hataki maneno mengi. Huenda hatua ishirini, akasimama, akasikiliza. Mara nyingi mgeni asiyezoea huingiwa na uchovu wa kungoja, akanong'ona, "Kaka, mbona tumesimama?" Jibu analopewa ni kidole tu kinachoelekezwa chini ya kichaka. Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Katika msitu huu mwenda pole pia ndiye aonaye.

Mnyama Mwenye Mpaka Wake

Mara nyingi kile kinachoonyeshwa na kidole hicho ni sange. Ni mnyama mdogo, uzito wake yapata nusu kilo, mwenye miguu myembamba mirefu na pua ndefu ambayo huigeuzageuza huku na huku akitafuta mende, buibui, jongoo na nyungunyungu katika majani makavu yaliyoanguka. Mwili wake ni wa rangi ya damu ya mzee, lakini nyuma, juu ya mkia, ana doa kubwa la rangi ya dhahabu ambalo huonekana waziwazi hata penye kivuli. Sange wa aina hii, mwenye doa la dhahabu, huishi Kenya tu, na makazi yake makubwa ni Arabuko-Sokoke.

Watu wengi wamwonao kwa mara ya kwanza humwita panya. Hilo ni kosa. Wataalamu waliochunguza damu na asili ya wanyama wamethibitisha kwamba sange ana ukoo wa karibu zaidi na ndovu kuliko na panya. Kwa hiyo katika njia moja ya msitu huu mtu aweza kuona kinyesi kikubwa cha ndovu, na hatua chache mbele akamwona jamaa yake mdogo akichakura majani.

Mkulima atapendezwa hasa na desturi za mnyama huyu. Dume na jike huishi katika eneo moja, nao hulilinda eneo lao kama watu walindavyo mpaka wa shamba. Dume mgeni akiingia, mwenye kumfukuza ni dume. Jike mgeni akiingia, mwenye kumfukuza ni jike. Usiku hulala ndani ya kiota alichokitengeneza ardhini: huchimba kishimo, hukitandika majani, kisha hukifunika kwa majani mengine hata mpita njia asiweze kutofautisha kiota na takataka za kawaida za msituni. Kila sange huwa na viota kadhaa, ili adui asijue atalala wapi.

Msomaji ataona mara moja kwamba mnyama wa namna hii hawezi kuishi mahali palipofagiliwa. Akiondolewa majani makavu, ameondolewa chakula na nyumba. Tena mitego ya kamba na waya itegwayo kwa ajili ya paa humnasa yeye pia. Kwa sababu hiyo amehesabiwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari ya kutoweka duniani, na mtu ampataye mbele ya macho yake asubuhi moja hapo Gede ameona kitu ambacho wafalme wa nchi nyingine hawana katika bustani zao.

Misitu Mitatu Ndani ya Mmoja

Mtembezi akiendelea atagundua kwamba Arabuko-Sokoke si msitu wa namna moja. Upande wa mashariki, ambako mvua hunyesha zaidi, mna miti ya aina nyingi iliyochanganyika, na kati yake mbambakofi, mti ambao mafundi wa pwani tangu zamani huutumia kwa milango na samani. Ndani zaidi, penye mchanga mweupe, huanza mirihi. Hii ni miti iliyoachana nafasi, nayo inapochipua majani mapya huwa mekundu kama shaba kabla ya kugeuka kijani. Upande wa magharibi tena udongo huwa mwekundu, na hapo husimama vichaka vizito visivyopitika kwa urahisi.

Kila udongo una wenyeji wake. Katika mirihi, ndege wa aina mbalimbali huandamana kundi moja juu ya vilele, kila mmoja akitafuta wadudu kwa namna yake, hata mwongozi hulazimika kuwataja upesi kabla hawajapita. Hapo ndipo huonekana chozi wa Amani, aliyepewa jina la mahali palipo katika milima ya Usambara, Tanzania, ambako naye yuko. Katika udongo mwekundu huishi bundi mdogo kabisa, urefu wake wapata sentimita 17 tu, ambaye wataalamu hawakumjua hata mwaka 1965. Mchana hulala kimya juu ya tawi la chini, na rangi yake ni sawa na jani kavu. Mgeni aweza kusimama hatua mbili kutoka kwake asimwone mpaka mwongozi amwelekeze.

Lakini habari ya ajabu kuliko zote ni ya kwera mmoja mwenye rangi ya manjano na nyeusi, ajulikanaye kama kwera wa Clarke. Alielezwa katika maandishi ya wataalamu mwaka 1913. Kila mwaka alionekana katika mirihi ya Arabuko-Sokoke akiruka kwa makundi, kisha akapotea kwa miezi, wala hapana mtaalamu aliyejua anakokwenda kutaga. Mambo yakawa hivyo kwa miaka mia kamili. Mwaka 1913 ulipotimiza karne, yaani mwaka 1913 hadi 2013, ndipo viota vyake vilipoonekana katika bwawa lenye majani marefu huko Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, na wenyeji wa mahali hapo walikuwamo katika kazi hiyo ya kumtafuta. Basi asidhani mtu kwamba kila kitu kimekwisha kujulikana na watu wa vyuo vikuu. Yako mambo mengi ambayo bado yanamngoja mtu mwenye subira na macho mazuri, hata kama hakusoma sana.

Kwa jumla, ndege walioandikwa katika msitu huu ni aina zaidi ya 230.

Ugomvi wa Mkulima na Msitu

Haifai kusifu msitu huku tukisahau walio jirani nao. Mtu ambaye ndovu wameingia shambani mwake usiku mmoja na kukanyaga mahindi ya mwaka mzima hawezi kuimbiwa habari za chozi na bundi. Nyani nao huja mchana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi waliokaa mipakani walitaka msitu ukatwe wote, ugawanywe mashamba. Haja yao ilikuwa ya kweli, kwa kuwa watu walikuwa wamezidi na ardhi ilikuwa haitoshi.

Hata hivyo, mkulima mwenye uzoefu ajaribu kuushika mkononi mchanga mweupe ulio chini ya mirihi. Hauna nguvu. Rutuba yake kubwa imo katika majani yanayooza juu yake, na majani hayo hutoka kwenye miti yenyewe. Miti ikikatwa, shamba laweza kutoa mavuno ya misimu michache, kisha mvua huichukua rutuba ile kidogo, na mwenye shamba hubaki na mchanga. Upande wa magharibi mvua yenyewe ni haba. Kwa hiyo ardhi ile isingeweza kuondoa njaa ya wale walioitamani, ingawa yaonekana kubwa kwa macho.

Jambo lililosaidia kubadili mawazo ya wengi halikuwa hotuba, bali mapato. Mwaka 1993 ulianzishwa hapo Gede mradi uitwao Kipepeo, ambao uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Katika nchi za Ulaya na Marekani yako majumba ya vioo yenye joto, ambamo watu hulipa kiingilio ili watembee katikati ya vipepeo hai. Majumba hayo huhitaji vipepeo wapya wakati wote, kwa maana maisha ya kipepeo ni mafupi. Arabuko-Sokoke una aina 260 hivi.

Kazi yenyewe ni ya ufugaji kama ufugaji mwingine. Mkulima huanza na vipepeo wachache wa kike waliokamatwa msituni, akawatia katika kizimba cha wavu pamoja na majani ya mmea ule ambao aina hiyo hutagia. Mayai yakianguliwa hutoka viwavi, nao hulishwa majani mabichi kila siku; mfugaji mvivu hapati kitu. Kiwavi akiisha kushiba hujishikiza mahali akageuka pupa, yaani hutulia ndani ya gamba bila kula wala kwenda. Katika hali hiyo ndipo anapouzwa. Mradi humlipa mkulima, hupanga pupa katika masanduku, na kuzipeleka kwa ndege upesi, kwa maana zikichelewa vipepeo watatoka njiani na kufa.

Wakulima wengi wamepanda mimea ya kulisha viwavi katika mashamba yao wenyewe. Lakini mbegu, yaani vipepeo wa kuanzia, hutoka msituni. Msitu ukifa, na biashara imekufa. Hivyo yule aliyekuwa akiuona msitu kuwa adui wa shamba lake ameupata kuwa sehemu ya shamba. Wengine wamefuga nyuki, na asali yao huuzwa. Tena, ua wa waya wa umeme ulijengwa mipakani kuzuia ndovu wasitoke. Hatuwezi kusema kwamba ugomvi umekwisha kabisa. Wako bado watu waingiao kwa siri kukata miti na kutega mitego. Lakini leo mkataji ana majirani watakaomwuliza, "Ndugu, unakata mali ya nani?"

Mji Uliomezwa na Miti

Jua likiwa kali, mtembezi hupumzika vizuri katika magofu ya Gede, ambayo si mbali na kituo cha msitu. Huu ulikuwa mji wa Waswahili, wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme, nyumba za mawe na visima vingi. Ulistawi hasa katika karne ya 15, na katika karne ya 17 ukaachwa. Magofu yalitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927. Bwana James Kirkman aliyafukua kati ya mwaka 1948 na 1958. Na mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Leo mibuyu na mitamba huota kati ya kuta, kima huruka juu yake, na hata sange huchakura penye vyumba vya mabwana wa zamani. Sababu za kuhamwa kwa mji huo ni nyingi, na wataalamu hawakupatana. Baadhi yao hudhani kwamba kupungua kwa maji ya visima kulikuwa moja ya sababu hizo. Mtu aliyetoka msituni asubuhi ile ile, akainama na kutazama ndani ya kisima kikavu chenye kina kirefu, hana budi kuyafikiri maji ya kijiji chake mwenyewe na miti iliyo juu ya chemchemi yake.

Hori ya Mida

Alasiri, njia hugeuka kuelekea mashariki, ng'ambo ya barabara kuu, mpaka hori ya Mida. Hapa bahari huingia ndani ya nchi kavu, nayo imezungukwa na mikoko, mikandaa, michu, muia na mililana. Zamani boriti za pwani yetu zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni kujengea nyumba, mpaka Serikali ilipokataza kuzipeleka nje mwaka 1982. Mvuvi ajua thamani nyingine ya miti hii: samaki wengi na kamba hukulia katikati ya mizizi yake, na hori ikikosa mikoko, baada ya muda wavu nao hutoka mtupu.

Limejengwa humo daraja la mbao jembamba lipitalo katikati ya mikoko, liyumbalo kidogo chini ya miguu. Mgeni hulipa ada, na fedha hizo husaidia kulipia karo watoto wa shule za sekondari wakaao karibu na msitu na hori, katika mpango ambao shirika la A Rocha Kenya liliuanzisha mwaka 2001. Mzazi ambaye mwanawe amesoma kwa fedha ya mikoko haitaji kuelezwa mara mbili kwa nini isikatwe.

Maji yakipwa, matope hufunuka na ndege hushuka kwa mamia. Wengi wao ni wasafiri. Wengine hutoka Siberia, ambako huzaa wakati wa jua, kisha huikimbia baridi na kuja kwetu. Mmoja astahili kutazamwa kwa muda mrefu: ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa nguvu, ambaye chakula chake ni kaa. Husimama kimya, kisha hukimbia ghafula, akamkamata kaa na kumvunja. Ndege huyu huzaa katika fukwe za Oman, Ghuba na Somalia. Hachimbi matope tu kutafuta riziki. Huchimba pia shimo refu mchangani, akataga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Wengi huwapo Mida kuanzia Agosti mpaka Aprili. Mwezi wa Aprili, kusi ianzapo, wakati ule ule ambao majahazi ya zamani yalitweka matanga kurudi Arabuni, ndipo nao hurudi kwao.

Basi ndege huyu hana kwao kumoja. Akiharibiwa fukwe za Oman, Mida haitamwona. Na Mida ikiharibiwa, Oman itamkosa.

Macho Yetu Wenyewe

Si kila msomaji atapata nafasi ya kwenda Gede. Karani aliye Kisumu ana ziwa, mkulima aliye Taita ana milima, na aliye Kakamega ana msitu wake. Yamtosha kila mtu kuamka mapema siku moja ya mapumziko, kuchukua daftari na kalamu, na kwenda pole pole katika njia anayoipita kila siku kwa haraka. Aandike tarehe, mahali, na alichokiona. Afanye hivyo mwaka mmoja, naye atajua ni ndege gani hutangulia mvua, ni mti gani hulisha nyuki, na ni kitu gani kilichokuwapo alipokuwa mtoto ambacho sasa hakionekani. Wazee wetu walikuwa na elimu hiyo bila daftari, na wengi wanakwenda nayo kaburini kwa kuwa hapana kijana aliyewauliza.

Jua likitua Mida, maji hujaa tena, na ndege hukusanyika juu ya kisiwa kidogo cha mchanga kilichobaki kikavu. Wakati huo huo, ng'ambo ya barabara, sange huingia katika kimoja cha viota vyake na kujifunika majani. Abiria wa jioni hupita kati ya hao wawili katika gari lenye taa kali, wala hawajui.